Friji ya Mama Mkwe

Ripoti ya maabara ilifika saa tatu asubuhi ndani ya bahasha ya kaki. Inspekta aliisoma akiwa amesimama, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kimekaliwa na mafaili. Wali: hakuna sumu. Maharage: hakuna sumu. Kikombe cha uji: hakuna sumu. Yaliyotolewa tumboni mwa marehemu: hakuna sumu. Pakiti ya sumu ya panya, kielelezo namba tano: haijafunguliwa.

"Haijafunguliwa," alirudia, akamgeukia Koplo. "Wewe ndiye uliyeileta. Hukuliona hilo?"

Koplo alijikuna shingo. "Afande, niliikuta stoo, nyuma ya gunia la mkaa. Ilikaa kama kitu kilichofichwa."

"Kwenu sumu ya panya mnaiweka wapi? Mezani, karibu na chumvi?"

Mwisho wa korido, nyuma ya mlango wa chuma, mke wa dereva wa lori alikuwa anaingia siku ya tano mahabusu. Mama mkwe wake, mwanamke wa miaka sitini na moja, alianza kutapika Jumapili jioni baada ya kula chakula alichopikiwa na mkwe huyo. Alishika tumbo, akahema, akapoteza fahamu, na Jumanne akafariki hospitali. Mdogo wa marehemu ndiye aliyepiga kelele za kwanza kwamba dada yake amelishwa. Mume wa mtuhumiwa, aliyerudi safari na kumkuta mama yake hajitambui, alitia saini maelezo ya malalamiko. Mtaa ulikuwa umeshatoa hukumu kabla maiti haijatoka hospitali.

Inspekta aliinua simu akampigia daktari aliyempokea mgonjwa.

"Sukari yake ilikuwa ngapi?"

"Mashine yetu ikizidiwa haitoi namba, inaandika tu kwamba iko juu. Iliandika hivyo mara tatu."

"Mbona mimi silijui hilo?"

"Nimeliandika, ukurasa wa pili. Askari wako aliondoka na ukurasa wa kwanza." Daktari hakupandisha sauti. "Sukari ikifika huko mtu hutapika. Tumbo linamkata, anahema kama aliyekimbia. Asiyejua atasema amelishwa kitu."

"Lakini alikuwa anachomwa insulini kila siku, asubuhi na jioni."

"Basi ama hakuchomwa, ama alichochomwa hakikuwa dawa tena."

Inspekta aliweka simu chini. Alipekua orodha ya vielelezo: sufuria mbili, kikombe, mwiko, sumu ya panya. Watu watatu walikuwa wameipekua nyumba ya mgonjwa wa sukari, na hakuna aliyechukua dawa ya sukari.

"Mlete," alisema.

Mkwe aliingia peku, mtandio umemshuka mabegani. Alikaa bila kuambiwa. Macho yake yalikuwa makavu.

"Nani alikuwa anamchoma mama mkwe wako sindano?"

Mwanamke alimtazama kana kwamba swali limeulizwa kwa lugha nyingine. "Mimi. Miaka sita sasa. Nesi wa kliniki ndiye aliyenifundisha."

"Na wiki ile?"

"Wiki ile sikuwepo. Mama yangu alipasuliwa jicho, nikaenda kumuuguza siku tisa. Alibaki naye mama mdogo, mdogo wake marehemu. Nilirudi Jumamosi mchana. Nikamchoma Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi, Jumapili jioni."

"Dawa uliikuta wapi?"

"Mlangoni mwa friji, inapokaa siku zote. Nilinunua kichupa kipya siku moja kabla ya safari, nikakiweka ubavuni mwa kile kilichokuwa kinaishia. Nikamwonyesha mama mdogo, nikamwambia, dawa hii inataka baridi."

"Ulimwambia hivyo tu?"

"Gari lilikuwa linanisubiri."

"Uliporudi, dawa yenyewe ilikuwaje?"

Mkwe alivuta mtandio. "Dawa ile ni nyeupe. Ukikiviringisha kichupa viganjani inakuwa kama maziwa. Hii ilikuwa na chembechembe, kama maziwa yaliyokatika. Nikamwambia, mama, dawa hii siielewi. Akaniambia, 'Piga tu mwanangu, kiu inaniua.' Nikapiga."

"Kwa nini hukusema haya siku ya kwanza?"

"Ningemwambia nani? Niliulizwa kama sumu nimeitia kwenye wali au kwenye maharage. Mambo ya friji sikuulizwa."

Koplo aliinamia viatu vyake.

*

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na kibaraza cha saruji. Mdogo wa marehemu alikuwa ameketi pale na cherehani yake, tepe ya kupimia shingoni. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mikono yake haikusimama hata alipokuwa anawakaribisha. Dereva alikuwa ameegemea mlango, ndevu za wiki nzima usoni.

"Mmekuja kutuambia lini anapelekwa mahakamani?" mshonaji aliuliza.

"Nimekuja kuuliza, mama. Wiki ile ulikuwa na mgonjwa peke yako?"

"Peke yangu. Mwanamke wake," alimnyoshea dereva kidole, "alibeba begi akaenda kwao. Huyu naye yuko barabarani na lori. Nani angebaki na dada yangu kama si mimi? Nilimwogesha, nilimpikia bila chumvi, bila mafuta, kama wanavyotaka kliniki. Sindano nikamchoma mwenyewe. Naogopa nini sindano, mimi niliyeshona nazo miaka arobaini?"

"Vijiti vya kumpimia sukari?"

"Viliisha. Tulikuwa tunamsubiri huyu aje navyo." Dereva aligeuza uso. "Lakini sikumwacha dada yangu hata dakika. Alhamisi nilimpelekea maji mpaka mikono ikauma. Jagi lile pale. Nilijaza mara nne, mara tano. Anakunywa, anakwenda haja ndogo, anarudi anadai maji. Ijumaa vivyo hivyo. Nikasema, joto hili."

"Alhamisi," Inspekta alisema.

"Alhamisi na Ijumaa."

"Na mkwe alirudi lini?"

"Jumamosi mchana. Kesho yake tu dada akaanza kutapika. Huoni?"

Inspekta aliandika Alhamisi kwenye daftari lake, akaipigia mstari mara mbili. Aliomba kuonyeshwa friji. Ilikuwa ya zamani, fupi, ya mlango mmoja, imebandikwa picha ya harusi iliyopauka. Kichupa kilikuwa kwenye rafu ya mlangoni, na boksi lake la karatasi ngumu ubavuni. Alivaa glavu, akakitoa, akakiviringisha taratibu kati ya viganja. Maji yalibaki maji. Mabonge madogo meupe yalizunguka ndani yake, mengine yakaganda kwenye kioo kama ukoko.

Boksi nalo lilikuwa limevimba na kujikunja, kama karatasi iliyolowa ikakaushwa. Chini yake, kwenye ukingo wa bluu, palikuwa pamenyofoka kipande cha upana wa kidole.

"Dawa hizo mnazipeleka wapi?" dereva aliuliza. "Si mngezingatia chakula?"

"Chakula kimeshajibu," Inspekta alisema. "Hakina kitu."

Ndani ya gari, walipofika barabara kuu, Koplo alimgeukia. "Afande, mtu hawezi kulishwa sumu Jumapili akaanza kuugua Alhamisi."

"Ungelisema hilo siku tano zilizopita ningekununulia chai."

"Basi ni duka la dawa. Umeme unakatika, friji linazimika, wao wanaendelea kuuza. Nawajua hawa."

"Uliijua pia sumu ya panya."

*

Mfamasia alikuwa mwanaume mwembamba, koti jeupe limepigwa pasi mpaka linang'aa. Koplo aliliendea friji la duka kabla ya salamu kwisha. Ndani palikuwa na kipimajoto kinachosoma digrii tano. Mlangoni ilining'inia karatasi ya vipimo vya asubuhi na jioni, kwa mwandiko tofauti tofauti na wino tofauti. Siku mbili umeme ulikatika, na zote mbili ziliandikwa, pamoja na saa jenereta ilipowashwa.

"Dawa yenye namba hii ya toleo umewauzia wangapi?" Inspekta aliuliza, akimwonyesha boksi kupitia mfuko wa vielelezo.

Mfamasia alifungua daftari. "Wanne, pamoja na huyu."

Koplo alipiga simu kwa wale watatu palepale kaunta. Wawili walipokea. Sukari zao zilikuwa shwari. Mmoja alilalamika kwamba anasumbuliwa akiwa kazini.

Mfamasia alitoa kichupa cha toleo hilohilo, akakiviringisha. Kikawa maziwa, laini, bila punje. Kisha akakipokea cha marehemu, akakiinua dirishani, na uso wake ukabadilika.

"Hii iliganda, ikayeyuka. Ikishaganda imekufa, hata ukiirudisha kwenye baridi ya kawaida haifufuki. Ni sawa na kumchoma mtu maji."

"Si jua? Si joto la ndani ya gari?" Koplo hakuwa amekata tamaa.

"Joto nalo huiua. Lakini tazama boksi lako. Jua halilowanishi boksi."

Inspekta aligeuza boksi upande wa pili. Juu yake ilikuwa imebandikwa stika nyeupe ya duka: jina la mgonjwa, vipimo vya asubuhi, vipimo vya jioni. Juu ya stika ilichungulia alama ndogo ya bluu, kama nyota yenye ncha sita.

"Alama hii maana yake nini?"

"Barafu. Ni onyo."

"Onyo liko wapi? Mimi naona nyota."

Inspekta alipenyeza ukucha chini ya stika, akaibandua polepole asichane karatasi. Chini yake palikuwa na mistari miwili, wa kwanza kwa lugha ya kigeni, wa pili kwa Kiswahili, herufi nyekundu: *Hifadhi penye baridi. Usigandishe.*

Mteja mmoja aliyesubiri dawa ya kikohozi alijifanya anasoma tangazo ukutani.

"Nani anabandika stika?"

"Mimi."

"Kwa nini hapa?"

"Ndipo penye nafasi."

Inspekta alilifungua friji la duka tena. Maboksi yalipangwa vizuri, kumi na moja, na yote yamebandikwa stika mahali palepale, sawasawa, kwa mkono wa mtu msafi anayeipenda kazi yake.

"Nilimpa mkwewe maelekezo kwa mdomo," mfamasia alisema. "Yule anajua. Ni miaka anakuja hapa."

"Yule alikuwa anasafiri. Aliyebaki ulimpa nini?"

Walipotoka, Koplo aligeuka na kumwona mfamasia ameketi sakafuni mbele ya friji lake, anabandua stika moja baada ya nyingine.

*

Waliporudi kwenye ile nyumba, mshonaji alikuwa jikoni anachagua mchele. Dereva alikuwa ameketi kwenye ngazi.

Safari hii Inspekta hakuuliza ruhusa. Alifungua friji, akainama mbele ya kile kichumba cha juu cha kugandishia barafu. Kilikuwa na kijilango chake cha plastiki, na juu ya kijilango palichorwa nyota ya bluu yenye ncha sita. Alikifungua. Barafu ilikuwa imeota ukutani nene kama ngumi. Alimulika kwa tochi ya simu, upande wa kulia, kisha wa kushoto, kisha chini. Hapo chini, ndani ya barafu, palikuwa na kitu chenye rangi.

"Koplo, niletee kijiko na maji ya vuguvugu."

Ilichukua dakika kumi. Kipande cha karatasi ngumu, upana wa kidole, kilitoka kikiwa kimelowa. Inspekta alikilaza juu ya meza, akakisogeza mpaka kwenye boksi lililokuwa ndani ya mfuko. Pale palipochanika pakafuatana na palipochanika, bluu ikakutana na bluu.

Mshonaji alikuwa ameacha kuchagua mchele.

"Mama," Inspekta alisema, "kichupa kipya ulikiweka wapi?"

"Pale juu." Alijibu bila kusita, kwa sauti ya mtu anayesifia kazi yake. "Mkwe alisema dawa inataka baridi. Mlangoni pale pana baridi gani? Kila mtu anafungua, anafunga. Kile cha zamani nilikiacha, kilikuwa kimeshafunguliwa. Lakini kipya nikasema hapana, nikihifadhi. Nikatazama boksi, nikaona alama. Nikatazama friji, alama ileile. Nikaiweka penye alama yake."

"Ulikitoa lini?"

"Jumatano, cha zamani kilipokwisha. Kilikuwa kimegandia, nikakivuta kwa nguvu. Nikakianika dirishani kikayeyuka, ndipo nikamchoma."

"Na Alhamisi akaanza kuomba maji."

Mkono wa mshonaji ulikwenda kwenye tepe ya shingoni, ukaishika. Alimtazama dereva, akamtazama Koplo, akarudi kwa Inspekta, kama mtu anayemtafuta wa kumwambia kwamba sivyo.

"Mbona ilikuwa baridi," alisema. "Ilikuwa baridi kabisa."

"Dawa hiyo ikiganda inakufa, mama. Stika ya duka ilifunika maandishi. Usingeweza kuyaona."

"Kwa hiyo nilikuwa namchoma nini?"

"Maji," alisema.

"Tangu Jumatano?"

"Tangu Jumatano."

Mshonaji alihesabu kimyakimya, vidole vikigusana kimoja kimoja na kidole gumba. Alipomaliza alikaa juu ya kigoda. "Alikuwa ananisifu, unajua. Kila nikimchoma anasema, mdogo wangu una mkono mwepesi, sisikii kitu. Yule mkwe wangu ananiumiza." Alinyosha mikono yote miwili mbele ya Inspekta. "Nifunge. Nimempeleka mtoto wa watu ndani kwa mdomo wangu. Nifunge mimi."

"Sina kosa la kukuandikia."

"Litafute! Si kazi yako kutafuta?"

Dereva alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Hakumsogelea mama yake mdogo, wala hakuondoka.

"Wewe," Inspekta alimwambia, "kabla hujatia saini yale maelezo, ulimuuliza mkeo kilichotokea?"

"Mama alikuwa amekufa, afande."

"Nimekuuliza swali jingine."

Alitazama sakafu. "Mama mdogo alisema..."

"Najua alichosema. Niliyasoma maelezo yake. Yako yalikuwa hayohayo, neno kwa neno."

*

Saa kumi jioni Inspekta alimaliza kuandika. Kwenye faili aliandika chanzo cha kifo kama daktari alivyothibitisha. Aliandika barua kwa wakaguzi wa dawa kuhusu stika, ambayo alijua itakaa wiki tatu kwenye trei ya mtu. Ya pili aliiandika kwa mkuu wake, kuhusu upekuzi uliosahau friji. Koplo aliisoma yote, akaisaini bila kuambiwa.

Mkwe aliletwa kaunta. Inspekta alimweleza mwenyewe, taratibu, kuanzia kijilango cha plastiki mpaka mistari miwili chini ya stika. Mwanamke alisikiliza bila kumkatiza.

"Zile chembechembe," alisema mwishoni. "Niliziona."

"Uliziona siku ya nne. Daktari anasema huenda muda ulikuwa umeshapita."

"Huenda."

"Hakuna anayejua zaidi ya hapo."

Mkwe alitikisa kichwa taratibu. "Na hiyo karatasi yako, afande, inayosema sikuua. Itasomwa wapi?"

"Itakaa kwenye faili."

"Nilipokamatwa nilipitishwa barabarani mchana kweupe. Watoto wa mtaa walikuwa wanatoka shule. Mwalimu wao aliwafunika macho." Alisema hivyo bila hasira, kama anatoa maelezo ya nyongeza. "Faili lako lina miguu ya kupita mtaa ule?"

Inspekta alifunga faili.

Mlango wa nje ulifunguliwa. Dereva aliingia, amenyoa, shati safi, viatu vya mkewe mkononi. Aliviweka chini mbele ya miguu yake, akabaki ameinama kidogo, kama mtu anayesubiri kuambiwa anyanyuke.

"Mke wangu," alisema. "Mama mdogo analia tangu mchana. Twende nyumbani."

Mkewe alivaa viatu. Cha kushoto kilimsumbua, akainama akakifunga mwenyewe.

Askari wa kaunta alifungua kitabu cha kuachia mahabusu. Alimrudishia pete, simu iliyokwisha chaji na funguo mbili. Akaweka kalamu kwenye mstari wa mwisho, akauliza bila kuinua kichwa, kama anavyouliza kila mtu.

"Unakwenda kukaa wapi?"

Dereva alijibu kabla yake, akataja mtaa, akataja namba ya nyumba. Askari akaanza kuandika.

"Futa hiyo," mkewe alisema.

Askari aliinua kichwa.

Mwanamke alisogea kaunta na kuzisukuma zile funguo mbili mpaka upande wa mumewe. Kisha akataja kijiji cha mama yake, jina la mwenyekiti wake, na kituo cha gari cha kushukia. Alitaja polepole, herufi kwa herufi, ili askari asikosee.